Siku moja kazini Kutupalong, na mwandishi asiyeweka jina lake

Saa kumi na moja alfajiri

Simu imenitangulia kuamka. Ni ujumbe wa sauti wa mwandishi mmoja wa kambini, mlolongo mrefu, wa kwanza umeingia saa saba usiku na wa mwisho umekatika katikati ya sentensi. Sishtuki. Kambini mtandao hupata nafuu watu wakilala, na yeye hupata nafasi ya kuandika watoto wakilala, kwa hiyo kazi zake karibu zote huzaliwa saa hizo za wanga.

Naishi Cox's Bazar, mji wa ufukweni kusini-mashariki mwa Bangladesh, na kazi yangu iko Kutupalong, kambi ya wakimbizi. Kwetu ni Arusha. Tofauti ya saa ni tatu kamili, ndiyo maana nikianza siku, mama kule Sakina yuko kwenye usingizi wa saa nane usiku. Nikienda likizo watu wakauliza nafanya nini, nasema niko na wakimbizi, na hapo kila mtu anaamini nagawa unga. Sigawi unga. Nakaa na wanawake wa Kirohingya, jamii ya Waislamu wachache waliokimbia Myanmar, wanaoandika yaliyowapata na yanayoendelea kuwapata, nawasaidia kuyapanga, kuyatunza yasipotee, na kuyafikisha yanakotakiwa.

Huyu wa usiku ni mmoja wao. Jina lake silitaji wala namba ya kambi yake, na ukifika mchana wa siku hii utajua kwa nini. Hapa mwanamke unayemheshimu unamwita Apa, dada mkubwa. Yeye ananiita Apa, nami namwita Apa, na kila mmoja anamshuku mwenzake kuwa ndiye mkubwa.

Nasikiliza huku nachemsha chai. Kirohingya changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo naambulia maneno ya hapa na pale: mwanangu wa kike, kadi, senyenge. Maandishi yenyewe ameyapiga picha, ukurasa kwa ukurasa, kwa Kiburma. Ni makala aliyoombwa na mhariri mmoja wa nje kwa ajili ya kumbukumbu ya tarehe 25 Agosti.

Saa moja asubuhi

Gari linaondoka. Marine Drive ni barabara ya kujivunia, bahari mkono wa kulia, vilima mkono wa kushoto, na mvua ya masika ya huku inayonyesha kana kwamba inalipwa kwa ujazo. Sonarpara tunakata kushoto, tunatokea Court Bazar, na hapo uzuri unaisha: malori, bajaji za betri wanazoziita tomtom, na foleni ya magari ya mashirika.

Kwa asiyejua tunakokwenda: tarehe 25 Agosti 2017, baada ya ARSA, kundi la Kirohingya lenye silaha, kushambulia vituo vya polisi, jeshi la Myanmar lilianzisha operesheni katika vijiji vya Warohingya kaskazini mwa jimbo la Rakhine. Watu zaidi ya 700,000 walivuka kuja Bangladesh katika miezi michache. Madaktari Wasio na Mipaka walikadiria kuwa waliouawa mwezi wa kwanza peke yake hawakupungua 6,700. Na haikuwa mara ya kwanza. Walikimbia 1978, wakakimbia tena 1991 na 1992. Kambini utakuta bibi aliyevuka mto Naf akiwa msichana, akarudishwa, akavuka akiwa mama, akarudishwa, akavuka akiwa bibi. Leo kambi ni 33, kwenye vilima vya Ukhiya na Teknaf, na watu wamepita milioni moja. Wanaendelea kuja, maana tangu 2024 vita kati ya jeshi na Arakan Army, kundi lenye silaha la Warakhine, vimewasukuma wengine zaidi ya laki moja.

Vizuizi, vitambulisho, kibali. Askari wa kizuizi cha mwisho ananijua. Anauliza kama Afrika mvua inanyesha.

Saa tatu asubuhi

Watoto wananiona na kelele zinaanza: "Gambia! Gambia!"

Mwanzoni nilikuwa najieleza kuwa mimi ni Mtanzania. Nimeacha. Tarehe 11 Novemba 2019 Gambia, nchi ndogo isiyopakana na Myanmar wala kudaiwa nayo kitu, iliishitaki Myanmar kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa kuvunja Mkataba wa Mauaji ya Kimbari. Siku kesi iliposikilizwa The Hague, Desemba ile, vilima hivi vilikuwa vikiimba jina la Gambia. Ukiwa mweusi kambini humu unarithi heshima ambayo hukuifanyia kazi. Naipokea kwa niaba ya bara zima.

Chumba chetu kiko ndani ya kituo cha wanawake, wenyewe wanakiita Shanti Khana, nyumba ya amani. Mianzi, turubai, mkeka, feni moja. Kambini vifaa vya kudumu haviruhusiwi, serikali haitaki kambi igeuke mji. Wanawake wanaingia na miavuli, wanavua nikabu mlangoni, na ghafla chumba kinajaa mashavu yenye thanaka, ile poda ya mti ya rangi ya manjano, na harufu ya tambuu. Mtu wa Tanga au Unguja angejisikia nyumbani. Mimi wa Arusha nilijifunza kutafuna tambuu huku, na mama hajaambiwa.

Swali la kwanza ni lile lile la kila mara: kesi imefika wapi? Naeleza kupitia msichana mkalimani. Kwamba Januari 2020 mahakama iliiamuru Myanmar iwalinde Warohingya waliobaki na isiharibu ushahidi. Kwamba Julai 2022 pingamizi za Myanmar zilitupwa, kesi ikapata njia ya kuendelea. Kwamba ile mahakama nyingine ya The Hague, ICC, inayoshitaki watu binafsi, iko kwenye uchunguzi tangu Novemba 2019, na Novemba 2024 mwendesha mashitaka aliomba hati ya kumkamata Min Aung Hlaing, aliyekuwa mkuu wa jeshi mwaka 2017. Kwamba Argentina nayo, mbali huko, mahakama yake ilitoa hati Februari 2025. Bibi mmoja anasikiliza mpaka mwisho, anatema tambuu kwenye kopo na kuuliza: "Kwa hiyo ameshikwa?" Hajashikwa. "Basi endelea na somo."

Somo la leo Apa ndiye analiongoza. Mimi nakaa pembeni na daftari, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Anawafundisha kitu ambacho ukikisikia mara ya kwanza kinakera: wasihoji. Mwanamke akija na habari yake, usimchimbe. Andika yeye ni nani, alitoka kijiji gani, aliona nini kwa ufupi, anapatikana wapi, na kama anakubali kutafutwa na wachunguzi. Basi. Mwaka 2017 na 2018 kila aliyekuwa na kamera na kalamu alipita humu, na wapo wanawake waliosimulia usiku ule ule kwa watu chungu nzima, kila mmoja na mkalimani wake. Sasa maelezo hayo yote yapo kwenye mafaili mbalimbali, na wakili wa utetezi anachohitaji ni mawili tu yanayopishana. Hapo hujagusa bado kile ambacho kusimulia kule kulimfanyia msimuliaji mwenyewe.

Halafu tarehe. Hakuna aliyekuwa akitazama kalenda nyumba zikiungua. Lakini Idi ya kuchinja mwaka ule iliangukia mwanzoni mwa Septemba, na kila mtu anakumbuka alikuwa wapi siku ile, kwa sababu wengi walikuwa msituni au kwenye tope la mtoni. Basi Apa anauliza: kabla ya Kurbani au baada? Siku ngapi? Ng'ombe wa kuchinja mlikuwa mmeshamnunua? Kwa maswali hayo madogo mwanamke asiyejua kusoma anakupa tarehe iliyonyooka kuliko yangu mimi ya shahada mbili.

Na majina ya vijiji. Kila kijiji kina jina la wenyewe na jina la serikali. Tula Toli, walikouawa watu wengi ukingoni mwa mto tarehe 30 Agosti, kwenye ramani ya Kiburma ni Min Gyi. Ukiandika moja tu, mchunguzi atatafuta vijiji viwili.

Mwisho wa somo wanaimba tarana, nyimbo zao za kuomboleza nchi. Kirohingya ni lugha ya mdomo zaidi kuliko ya kalamu. Ipo hati yake, Hanifi, iliyobuniwa miaka ya themanini na kuingizwa kwenye mfumo wa Unicode mwaka 2018, ila wanaoisoma kambini ni wachache. Kwa hiyo "mwandishi" hapa mara nyingi ni mtu anayeimba kwenye simu.

Saa sita na nusu mchana

Swala, wali, dengu, samaki mkavu mwenye pilipili ya kulipiza kisasi. Mvua imesimama. Naazima mwavuli hata hivyo, nimeshajua tabia yake.

Saa saba na nusu mchana

Kwenda kwa Apa ni kupanda na kushuka ngazi za mianzi na viroba vya mchanga. Nyumba yake ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa pili mume anakohoa na kutusalimu bila kutokea. Mtungi wa gesi uko mlangoni, madaftari yako ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, maana hapa adui wa karatasi ni wawili, maji na moto. Machi 2021 moto ulipita Balukhali, watu wapatao 45,000 wakabaki bila makazi kwa siku moja, na pamoja na vitu vingine yaliungua makaratasi ya miaka. Tangu hapo Apa anapiga picha kila ukurasa.

Alimaliza darasa la kumi kule kwao. Alitaka chuo. Mwaka 2012, baada ya machafuko, Warohingya wakafungiwa mlango wa Chuo Kikuu cha Sittwe, na hadithi ikaishia hapo. Sheria ya uraia ya 1982 ilikuwa imeshawatoa kwenye hesabu kabla yeye hajazaliwa: makabila 135 yanatambuliwa, lao halimo. Kitambulisho chake cha kambi kinasema ametoka Myanmar. Bangladesh inasema ni wa kule, kule wanasema ni wa Bangladesh, na yeye anakihifadhi kitambulisho hicho kwenye ile ile ndoo.

Namuuliza kuhusu simu. Anajua namaanisha zipi. Kuna mtu hupiga usiku, hajitaji, anamwambia mwanamke mwenye haya hakai na daftari. Wanaume wanaofanya kazi hii huambiwa watauawa. Yeye huambiwa kwanza kwamba ataaibishwa, kisha kwamba atauawa.

Hawa si watu wa kutishia bure. Mohib Ullah, mwalimu aliyepita kibanda kwa kibanda na wenzake kuandika orodha ya waliouawa, aliyefika mpaka Ikulu ya Marekani mwaka 2019 kuwasemea watu wake, alipigwa risasi ofisini kwake humu humu Kutupalong usiku wa 29 Septemba 2021. Ndiyo sababu ya kutotaja jina. Wapo Warohingya wanawake wanaosema kwa majina yao, nao nawavulia kofia: wakili Razia Sultana, aliyekusanya ushahidi wa ubakaji na kusimama mbele ya Baraza la Usalama Aprili 2018, Wai Wai Nu, aliyefungwa akiwa na miaka 18 kwa sababu ya siasa za baba yake, akatoka baada ya miaka saba na kuanzisha mtandao wa amani wa wanawake, Hamida Khatun wa hapa kambini, kiongozi wa Shanti Mohila, kundi la wanawake wa Kirohingya, aliyekwenda kukaa ndani ya ukumbi wa The Hague Desemba 2019. Lakini mwanamke anayelala nyuma ya turubai hawezi kudaiwa ujasiri wa aina hiyo na mtu anayelala hotelini. Nimewasikia wageni wakimshawishi Apa aweke jina ili "makala ipate nguvu". Wenye ushauri huo huwa na tiketi ya ndege ya Alhamisi.

Tunapitia makala. Mkalimani anasoma, mimi naandika rasimu ya Kiingereza, Apa anatuangalia sote wawili kama mwalimu wa zamu. Sehemu kubwa ni ya leo. Ameandika jinsi mwaka 2023 chakula kilivyoshushwa kutoka dola 12 kwa mtu kwa mwezi hadi 10, kisha 8, na jinsi mwezi ule alivyojua ni majirani gani wameanza kutafuta wachumba kwa mabinti wadogo. Ameandika senyenge iliyozungushwa kambini, na kwamba siku ya ule moto ndiyo alielewa senyenge ni nini. Ameandika binti yake, aliyeanza mtaala wa Myanmar kwa furaha, na jinsi mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipokatika vituo vingi vya kusomea vikafungwa, na mtoto akaendelea kuvaa begi ndani ya nyumba.

Usiku wa 2017 ameupa sentensi moja. Tarehe, kijiji, na kwamba walioingia ndani walikuwa na sare. Nukta.

Saa tisa na nusu alasiri

Saa kumi sote wa mashirika tunapaswa kuwa nje. Njiani tunapishana na vijana wamekaa vikundi vikundi, hawana la kufanya, kufanya kazi hawaruhusiwi. Kiza kikiingia wanabaki wakazi, makundi yenye silaha na Mungu. Sina zaidi la kusema kuhusu saa hii, ila kwamba kuondoka kila siku wakati unayemwacha haondoki ni jambo lisilozoeleka.

Saa kumi na mbili jioni

Ofisini. Barua pepe ya mhariri. Ameisoma rasimu ya nusu tuliyomtumia juzi na "ameguswa sana". Anaomba mambo mawili: aya za chakula na shule zipunguzwe, "wasomaji wetu wameshazisikia", na ule usiku uelezwe kwa kina, alichokiona, alichokisikia, alichofanyiwa.

Nitoke kidogo kwenye ratiba, maana hapa ndipo Arusha inaponijia. Nilikulia mji uliokuwa na mahakama ya kimataifa iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda. Sisi watoto tuliijua kwa magari meupe na kodi za nyumba zilizopanda. Ukubwani ndipo nikasoma kilichokuwa kikiendelea ndani ya lile jengo la mikutano la AICC. Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, alifikishwa pale akiwa hana hata shitaka moja la ubakaji. Shahidi mmoja, mama, aliyekuwa anaulizwa mambo mengine, akasema katika maelezo yake kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa. Majaji, akiwemo Navanethem Pillay, mwanamke pekee kati yao, wakauliza zaidi. Wakatokea wengine, hati ya mashitaka ikabadilishwa Juni 1997, na hukumu ya 2 Septemba 1998 ikawa ya kwanza duniani kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Abubacarr Tambadou, aliyekuwa waziri wa sheria wa Gambia na aliyeipeleka Myanmar mahakamani, alikuwa amefanya kazi kwenye mahakama hiyo hiyo ya Arusha. Alipotembelea kambi hizi mwaka 2018 na kusikiliza wakimbizi, alishajua anachokisikia. Na Gambia ilipopata nafasi ya kuteua jaji wa kukaa kwenye kesi hiyo, ikamteua Pillay.

Mtu anaweza kuichukua habari hiyo na kuniambia: unaona, lazima wasimulie. Mimi naichukua upande wa pili. Yule mama alisema alichotaka kusema, kwa mpangilio wake, mbele ya watu waliokuwa na wajibu wa kufanya jambo na mamlaka ya kulifanya. Apa ana mahali pa kusemea usiku wake. Wachunguzi wana jina lake na njia ya kumpata, na siku wakimwita ataeleza mpaka mwisho. Jarida si mahakama. Wasomaji wa jarida hawamkamati mtu. Kinachoombwa hapa ni kidonda kwa ajili ya ukurasa, na kinachokatwa ili kidonda kipate nafasi ndicho hasa uandishi wake: chakula, senyenge, shule, mambo ambayo bado yanatendeka na bado yanaweza kuzuiwa na mtu anayesoma.

Ila si juu yangu kukataa. Namtumia Apa ujumbe mzima kama ulivyo.

Saa tatu usiku

Anajibu mapema kuliko kawaida yake. Mkalimani yuko hewani nasi, naye anacheka kabla hajatafsiri.

"Mwambie nimemshukuru. Mwambie ule usiku nimemwandikia sentensi yake, imetosha. Aya ya shule ikitoka, na jina langu ambalo sikuliweka nalitoa pia."

Namwuliza kama ana hakika, maana malipo ya makala haya ni ya maana kwa nyumba yenye mgonjwa. Ananyamaza, si kwa kusita, anamtuliza mtoto. Kisha anasema kuna jarida jingine, la vijana wa Kirohingya wenyewe, halilipi kitu, lakini halimwulizi alilia vipi.

Namwandikia mhariri. Adabu juu, msimamo chini yake. Makala ni hii, ina sentensi moja kuhusu ule usiku na aya tatu kuhusu shule. Ikikufaa tuambie kabla ya wiki kwisha, isipokufaa tunaipeleka kwingine. Naambatanisha, natuma.

Dakika mbili baadaye sauti nyingine inaingia, ya Apa, na safari hii naielewa mwenyewe bila mkalimani kwa sababu ni karipio. Kwenye ile sentensi moja nimeweka jina la kijiji la serikali peke yake. Naomba radhi kwa mhariri kwa barua ya pili, naandika majina yote mawili, la wenyewe likitangulia, na kutuma upya.